Fundi wa Hewa wa Aija

Katika miaka yote niliyomjua, sikumbuki hata mara moja aliyoniitikia salamu akaishia hapo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

Hakuwa akitania. Ukimwambia hakuna aliyekutuma, unapita tu, alikutazama mkononi, akautazama mkoba, kisha akaitazama njia uliyojia, kana kwamba kuna mtu umemwacha amejibanza kwenye pembe ya nyumba. Akisharidhika, au akishachoka, ndipo husema, "Haya, kaa. Usiguse kitu."

Watu wa Sur walimwita Fundi, na sisi tuliorudi kutoka Unguja tukamwita hivyo hivyo. Mtoto wa nani, kabila gani, kaingiaje Oman na lini, siyajui. Huku kwetu watu huulizana hayo kabla kahawa haijamiminwa. Yeye akiulizwa alijibu, "Mie wa baharini," akageuza maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Unguja, kile cha zamani, na niliwahi kumsikia akitaja kazi ya kuzamia chini ya meli bandarini kule, kusugua matumbo ya meli. Zaidi ya hapo sikupata, na Mungu anajua nilijaribu.

Nilijaribu kwa sababu sikumwamini. Nami sikuwa peke yangu.

Kazi yake ilikuwa kujaza hewa. Alikuwa na chumba cha chini katika nyumba ya zamani upande wa Aija, ng'ambo ya hori la bahari, nyumba ya matajiri waliokwisha, yenye mlango mkubwa wa nakshi uliopasuka. Humo alikuwa na kompresa, mashine ya kushindilia hewa ndani ya mitungi ya chuma ambayo wapiga mbizi huibeba mgongoni. Siku hizo, miaka ya sabini ikielekea mwisho, vijana wenye mishahara walianza kuzama kwa starehe. Mzungu mmoja alikuja na miwani na mapezi ya mpira, wa pili akaiga, na kabla ya mwaka kwisha makarani na walimu wetu kila Alhamisi walikuwa wakivuka hori na mitungi. Wote walipita kwa Fundi, na wote walirudi wananung'unika.

Maana Fundi alishuku kila kitu. Mtungi ukiletwa hakuuliza habari za mwenyewe, aliuliza habari za mtungi. Ulilala wapi? Ndani ya gari? Gari lilikuwa juani? Nani aliujaza mara ya mwisho? Una ushahidi? Alifungua vali kidogo, akatoa hewa kwenye kiganja, akakinusa kiganja. Akiona shaka aliumwaga wote, hewa ikipiga kelele mpaka kuku wa jirani wanakimbia, kisha akaung'oa kichwa na kuteremsha ndani taa ndogo ya waya, akachungulia kwa jicho moja. Akiona kutu, hata ya ukubwa wa punje ya mtama, mtungi ule haujazwi. Geji hakuiamini mpaka aipime kwa geji nyingine, na hiyo nyingine alikuwa na ya tatu ya kuipimia.

Kompresa yenyewe aliilinda kama mtoto mgonjwa. Ilikwenda kwa injini ya petroli, na bomba la kuvutia hewa alilipandisha mpaka juu ya sakafu ya paa, mbali na moshi wa ile injini. Juu ya paa alifunga kitambaa cha kanga. Kitambaa kikigeuka, maana yake upepo umegeuka na moshi unaweza kuvutwa na bomba, alizima mashine palepale, hata mtungi umebakisha kidogo kujaa, hata mteja analia. "Moshi huo huuoni," alisema. "Juu utakupa kichwa kukuuma. Chini utakuzika."

Na mtu huyo huyo alikuwa akivuta sigara. Si moja wala mbili. Mashine ikizimwa tu, alitoka nje, akaenda upande wa chini wa upepo, hatua arubaini, naamini alizihesabu, akavuta mbili mfululizo, akakohoa, akarudi kunusa mitungi ya watu. Kijana mmoja aliwahi kumwambia, "Fundi, unatuhofia sisi hewa, na mapafu yako je?" Akajibu, "Mapafu yangu nayajaza mwenyewe, nayajua yalikopita."

Mlango wake hakuufunga kwa kufuli. Mtu asiyemwamini binadamu yeyote aliuacha mlango wazi mchana kutwa akaenda msikitini. Nilipomwuliza, alisema mwizi ni mtu mwaminifu, anakuja kwa jambo moja na unalijua. Wa kuogopwa ni anayekuja kukusaidia.

Mie nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Sababu ya kwanza iliyonivusha hori kwenda kwake ilikuwa mtungi wetu wa oksijeni. Asubuhi moja haukuwamo ghalani. Tulikuwa na miwili tu, na mmoja haupo. Sikupata taabu ya kufikiri. Nilijiambia, nani katika mji huu anahitaji mitungi? Nikavaa buibui langu nikavuka, nikijifanya nataka kumpima kikohozi.

Alinipokea, akaniketisha, akaniacha nizungushe macho yangu chumba kizima. Kisha akasema, "Mtungi wenu mnaupaka rangi gani?"

"Mtungi gani, Ami?"

"Uliokuja kuutafuta."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Yeye hakukasirika, ilikuwa kama amefurahi kuwa kuna mtu mwengine duniani anayeshuku sawasawa. Akanieleza polepole, kama mwalimu wa chuoni, kwamba oksijeni tupu hapewi mpiga mbizi hata kwa dawa. Kwenda nayo chini ni sumu, mtu hupata kifafa ndani ya maji. Na ikikutana na mafuta ya mashine yake, chumba kile na nyumba ile ya matajiri vingeruka pamoja. "Ninachojaza ni hewa hii hii," akasema, akapunga mkono mbele ya uso wangu, "hii unayovuta bure. Ila imechujwa."

Baada ya siku nne mtungi ulirudi. Dereva wetu alikuwa ameupeleka Maskati kujazwa na hakumwambia mtu. Sikwenda kumwomba radhi Fundi. Naandika hivi ili ijulikane kuwa shaka haikuwa yake peke yake.

Mji nao ulikuwa na yake. Kisa kilichosemwa zaidi ni cha walimu wawili wa skuli waliozama asubuhi, na jioni ile ile wakataka kwenda harusini Misfat al Abriyin, kule juu milimani kupita Nizwa. Walirudisha mitungi kwake, wakataja harusi kwa furaha tu. Fundi akatoka nje, akafungua mlango wa gari lao, walilokuja nalo kwa kulizunguka hori, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Hamwendi."

Wakacheka. Alipokaa chini na ufunguo mfukoni, wakaacha kucheka. Wakamsihi, wakamtukana, wakamletea mzee wa mtaa. Jibu lake lilikuwa moja: aliyezama leo hapandi mlima leo. Ufunguo waliupata kesho yake alasiri, na harusi imekwisha. Bwana harusi alikuwa binamu wa mmoja wao, na ugomvi huo ulichukua mwaka. Watu wakasema Fundi ni hasidi. Wengine wakasema ana lake na watu wa mlimani, wengine wakataja majini.

Nilimsimulia daktari wetu kama kichekesho. Alicheka nami mpaka nilipofika pale pa kuzama asubuhi, hapo akaweka kalamu yake mezani. Akaniambia mwili ulioshindiliwa hewa chini ya maji huwa kama chupa ya soda. Ukipanda juu haraka, au ukipanda mlima kabla hewa ile haijatoka, ni kama umeifungua chupa: mapovu hutoka ndani ya damu, mtu huvimba viungo, hupooza, hufa. "Huyo fundi wenu," akasema, "amesomea wapi?" Kujua kwamba Fundi alikuwa na haki hakukunifanya nimpende. Kulinifanya nijiulize alijifunza juu ya mwili wa nani.

Sasa nimtaje ndugu yangu Seif, mdogo wangu wa tumbo moja, karani wa serikali, mcheshi, mwenye kuvaa saa ya gharama na kuchelewa kila mahali. Bahari ilimteka. Mama yetu hakuwa na raha siku za Alhamisi mpaka amsikie mlangoni. Fundi ndiye aliyemfundisha, kwa ukali ambao Seif alikuwa akituigizia sebuleni: kidole juu, jicho moja limefumbwa. "Usizibe pumzi wakati wa kupanda! Mtu akiziba pumzi anajigeuza puto! Usiyapite mapovu yako madogo, yatangulie wewe ufuate! Una mafua? Rudi kwa mama yako!" Tulicheka mpaka machozi, na Mama akasema, "Cheka, lakini ushike."

Siku moja Seif alirudi kutoka Matrah na chupa ya hewa ndogo, ya manjano, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja, na kinywa cha mpira cha kuvutia hewa kimeungwa juu yake moja kwa moja. Hakuna mtungi wa mgongoni, hakuna mipira mirefu, unaitia mfukoni unakwenda. Aliipenda kuliko saa yake. Akaipeleka Aija, nami nikafuatana naye kumpelekea Fundi dawa zake za kifua kutoka kituoni.

Fundi aliipokea kwa vidole viwili. "Imejazwa na nani?"

"Imekuja imejaa, Fundi."

"Imekuja yenyewe?"

Akafungua vali akaimwaga yote. Seif akaruka. Fundi akainusa, akaing'oa kichwa, akachungulia, kisha akaitia kwenye sanduku lake. Ilikaa humo wiki tatu. Seif akasema imeibiwa, nami nilimwamini. Ilipotolewa ilikuwa safi, vali imebadilishwa mipira, geji imepimwa. Fundi akaijaza, akamketisha Seif kwenye ubao, akamwambia avute kama anavyovuta akiwa majini. Sote wawili tukamtazama. Dakika zilikuwa chache mno, Seif akaanza kunyonya pasipo na kitu, macho yamemtoka.

"Hapo umekaa," Fundi akasema. "Hujapiga teke, hujaogopa. Shuka pima tano au sita, hewa hiyo hiyo itakuwa nusu. Shuka tena, itapungua tena. Hii ni ya kupandia, si ya kushukia. Unakwenda na mtungi mkubwa na mwenzio, na hii unaifunga kiunoni kwa siku ule mkubwa utakapokuhini. Ukija na mwenzio nitakujazia. Ukija peke yako, sikujui."

Akamrudishia tupu.

Seif alitoka amevimba. Njiani, ndani ya kidau, alisema maneno ambayo siyaandiki. Baada ya siku chache alirudi kwa Fundi akayasema mbele yake, mlangoni, na watu wanasikia: kwamba ni mzee mwoga, kwamba haonekani akizama ila kuzuia wenzake, kwamba bila shaka kuna mtu alimuua huko alikotoka ndiyo maana hana jina wala kwao. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwuliza, "Umemaliza?" Akaingia ndani.

Nje ya mji, siku hizo, palikuwa na kambi ya wajenzi wa gati. Nao walikuwa na kompresa yao, ndani ya banda la mabati lililofungwa kila upande, na jenereta ya dizeli inanguruma humo humo. Seif alimjua mtu kule. Asubuhi ya Ijumaa alijaziwa chupa yake, akapewa na kikombe cha chai, hakuna aliyenusa wala kuuliza. Akakodi kidau na mpiga makasia mmoja, wakatoka.

Yaliyobaki nimeyapata kwa yule mpiga makasia, maana Seif mwenyewe hakumbuki vizuri. Walivuta makasia mpaka penye miamba. Seif akajirusha na chupa yake mdomoni, peke yake. Mara ikasikika mashine ya mashua, na Fundi huyo anakuja, amesimama, mtungi mgongoni, kanzu ameivua. Akauliza jambo moja tu: "Wapi?" Mpiga makasia akaonyesha mapovu. Fundi akaingia.

Maji yalikuwa kama kioo, na mpiga makasia aliona yote kutoka juu: Fundi alimkuta amekaa mchangani kama mtu anayengoja chai. Hewa ile ilikuwa na moshi ndani yake, na moshi umeshamlevya. Hakupigana, hakukimbia, ndiyo hatari yake. Fundi akamtoa chupa mdomoni, akamtia kinywa chake mwenyewe, wakawa wanapokezana kile kimoja, na alipompandisha alimbana tumbo kwa ngumi, kila mara, ili atoe pumzi asije akapasuka mapafu. Wakapanda taratibu, na mapovu yao yakitangulia.

Walinileta kituoni. Uso wa Seif ulikuwa mwekundu kama mtu aliyeungua, anatapika, ananiita jina la Mama. Nilimvika oksijeni. Alivuta mpaka alasiri, na alasiri akanitambua, akasema kichwa kinampasuka, nami nikalia kwa furaha.

Nilipotoka nje Fundi alikuwa bado amekaa kwenye ngazi, amekaukiwa na chumvi mwilini, hana sigara. Nilitaka kumbusu mkono. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Ami, ulijuaje?"

"Nilihisi."

"Ulihisi nini?"

Akainuka, akaniambia, "Mtazame mgonjwa wako," akaenda zake.

Jibu lile halikunitosha. Halikumtosha mtu yeyote. Mama alimpelekea halua na bakuli la mchuzi wa papa, na usiku huo huo akaniambia, "Lakini mwanangu, kama hana mkono wake ndani, alijuaje?" Majirani walisema aliichezea ile chupa katika zile wiki tatu, apate kumwokoa mtu na kurudisha jina lake. Nilijua si kweli, niliona mwenyewe ilivyotoka safi. Ila kila nilipokutana naye swali lilinirudia, naye kila alipokutana nami alitazama kando. Mtu ambaye hakuwahi kukwepa jicho la yeyote, sasa alikwepa la kwangu. Seif hakutaka kusikia. Alimpenda yule mzee tangu siku ile kama baba, akawa anamnunulia petroli, na Fundi hakuwahi kumkaribisha ndani.

Kisha nikahamishwa Nizwa, na Fundi nikasikia ameuza kompresa.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, asubuhi, kwenye baraza ya hospitali yangu Nizwa. Alikuwa na binti yake mjini hapo, kumbe. Nilikuwa sijui kama ana binti. Amekonda, kifua kinapiga mluzi, na kiganjani ana vidonge tulivyompa, amekivunja kimoja anakinusa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Akaniangalia sana. Mara hii hakuuliza nani kanituma. Akasema, "Kaa. Mdogo wako yu hai?"

"Yu hai, ana watoto wawili. Yuko hapa, anaegesha gari. Amekuja kunichukua, Mama yuko kwangu."

Akakipangusa kiganja kwenye kanzu. "Basi wacha nikwambie kabla hajafika. Siku ile nilimwona. Alishuka kwenye gari la watu wa gati, mbele ya mlango wangu, na ile chupa begani, kwa makusudi nimwone. Banda lile nimelijua, nililiingia nikatoka kichwa kinaniuma. Nilijua amebeba nini."

Nikageuka kumtazama usoni.

"Nikasema, mwache. Alivyonitukana, mwache apate adabu yake. Nikakaa nikanywa kahawa. Kikombe kimoja. Nikamimina cha pili, nikakinywa mpaka nikakimaliza. Nilikuwa namwona anavyosukuma kidau. Halafu ndipo nikainuka." Kifua kikampiga mluzi. "Upepo ungekuwa wa mbele kidogo, au mashine ingekataa kuwaka, ningemkuta maiti, na ningekuwa mimi niliyemuua, na watu wote mngenishukuru kwa kumtoa. Watu walinishuku. Wewe ulinishuku. Walikuwa sawa, ila hawakujua la kushuku."

Ghadhabu ilinijia, wallahi, nikiwa nimeketi ubavuni pake, nikahesabu vikombe viwili vya kahawa ni muda gani.

Seif akaja anachezesha funguo. Alipomwona mzee alipiga ukelele wa furaha, akainama akambusu kichwa. Fundi akamzuia kwa mkono, akamwambia asimame hivyo hivyo, asikie kwanza. Akayarudia yote, neno kwa neno, hakupunguza kikombe.

Funguo zikatulia mkononi mwa ndugu yangu. Akatazama nje kwenye jua ambako gari lake lilikuwa na watoto ndani wanagombana, akarudisha macho.

"Vikombe viwili tu, Fundi?" akasema. "Kwa matusi yale niliyokutukana? Mie ningemaliza dele zima la kahawa."

Fundi hakucheka. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha mikononi, kisha usoni tena, akitafuta kilichofichwa. Alipokikosa, akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.